Kupanga mazoezi kwa kufuata mzunguko wa hedhi: anza na daftari lako

Njia ni ile ile, mwendo ni ule ule, lakini wiki hii miguu mizito na kila kitu kinakuudhi. Kabla ya kujiita mvivu, pima. Kalenda zinazosambazwa mitandaoni, za kukuambia siku ya 8 nyanyua vyuma na siku ya 24 fanya yoga, hazikujui. Tafiti zikijumlishwa, tofauti ya wastani ya uwezo kati ya awamu za mzunguko ni ndogo sana; kubwa ni tofauti kati ya mwanamke na mwanamke. Hivyo chukua daftari na ujisome kwa mizunguko mitatu.

Hatua ya 1: Chora safu sita. Siku ya mzunguko, saa za usingizi, mapigo ya moyo, juhudi, mudi, maumivu. Siku ya 1 ni siku damu inapoanza kutoka kweli. Matone ya kuchafua chupi tu usiyahesabu. Mapigo yahesabu ukiwa bado kitandani: sekunde 30, zidisha kwa 2. Juhudi ipe alama 1 hadi 10, ambapo 3 unaongea bila shida na 8 unatoa maneno mawili matatu tu. Andika alama hiyo nusu saa baada ya kumaliza, kwa sababu ukiandika ukiwa bado unahema, dakika za mwisho zinameza zoezi zima. Mudi iandike kabla ya mazoezi, maana mazoezi yenyewe huibadilisha.

Hatua ya 2: Weka zoezi la kipimo. Mara mbili kwa wiki, dakika 20, njia ile ile, mwendo ule ule, saa ile ile. Hapa ndipo wengi wanaharibu: leo wanapanda vilima vya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), keshokutwa wanakimbia tambarare mjini, kisha wanalaumu homoni. Dodoma jua na upepo navyo vinadanganya. Oktoba na Novemba anza saa 12 asubuhi. Ukichelewa hadi saa 3, alama unayoandika ni ya joto.

Hatua ya 3: Soma daftari. Yai hupevuka takriban siku 14 kabla ya hedhi *inayofuata*, kwa hiyo hesabu kurudi nyuma. Mwenye mzunguko wa siku 33 hupevusha karibu na siku ya 19, wala si ya 14. Baada ya hapo homoni ya projesteroni hupanda, joto la mwili huongezeka kwa nyuzi 0.3 hadi 0.5 hivi, mapigo huongezeka kidogo na pumzi huenda kasi zaidi. Mwili unaanza zoezi ukiwa tayari na joto, ndiyo maana mwendo wa alama 5 unaweza kuonekana wa 7. Siku chache kabla ya damu, projesteroni na homoni mwenzake estrojeni hushuka, na hapo ndipo usingizi huvurugika na hasira huwa karibu.

Hatua ya 4: Badilisha palipojirudia tu. Jambo likitokea mizunguko miwili kati ya mitatu, lifanyie kazi. Juhudi ikipanda kabla ya hedhi, fuata alama, achana na saa ya mkononi: baki kwenye 5 hata kama mwendo umepungua. Kwenye vyuma, punguza seti kutoka 4 hadi 3 na uzito uache ulivyo. Tumbo likikata siku ya 1 na ya 2, tembea haraka dakika 20 au weka chupa ya maji ya moto. Ibuprofeni 400 mg inywe baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu au pumu asiiguse bila kumwona daktari, na usiimeze kabla ya kukimbia mbali juani, kwani ukipungukiwa maji inaumiza figo.

Hatua ya 5: Rudisha madini ya chuma. Dagaa, maini, maharage, mchicha. Juisi ya ubuyu pamoja na chakula husaidia chuma kufyonzwa. Chai ya rangi huzuia, inywe saa moja baada ya kula. Uchovu usioisha mwezi mzima haufuati mzunguko: nenda kapime wingi wa damu.

Anayetumia sindano, kijiti au vidonge vya uzazi wa mpango asihesabu siku hizi. Mara nyingi yai halipevuki. Aandike tarehe tu na asome wiki kwa wiki.

Mwone daktari kama hujaona siku zako miezi mitatu na huna mimba (mara nyingi unakula kidogo kuliko unavyojituma, na mifupa ndiyo inayolipa), kama pedi inalowa kila saa kwa saa mbili mfululizo, kama damu inazidi siku 7, au kama kila mwezi kabla ya hedhi unakata tamaa ya kuishi. Hilo la mwisho lina tiba, usilisubiri lipite.

Kocha wa timu ya wasichana, usiulize nani yuko kwenye siku zake mbele ya wenzake. Mwombe kila mmoja alama yake ya juhudi tu, na umpunguzie kazi kwa alama hiyo.