Somo: Mbawakavu mdogo wa mizingani, kumtambua na kumzuia

Wafugaji nyuki wengi humwona mdudu huyu wanapofungua mzinga, kisha humpuuza. Jina lake la kisayansi ni Aethina tumida, wa familia ya Nitidulidae, ambayo jamaa zake wengi huishi kwa utomvu wa miti uliochacha, matunda yaliyooza na chavua. Huyu amehamia kwa nyuki. Asili yake ni Afrika kusini mwa Sahara na nyuki wetu wamemzoea, lakini alipofika Marekani miaka ya 1990 maelfu ya makundi yaliangamia.

Hatua ya 1: Mtambue. Inua mfuniko taratibu, uangalie pembeni na chini ya fremu. Ni mweusi au kahawia iliyokolea, urefu milimita 5 hadi 7, na hukimbia mwanga. Mbawa zake ngumu ni fupi, hazifiki mwisho wa tumbo, na ncha za papasi zake (vipembe vya kunusia kichwani) zimevimba kama rungu.

Hatua ya 2: Tofautisha mabuu. Hapa ndipo wengi wanachanganya. Kiwavi wa nondo wa nta hufuma utando mweupe kwenye masega. Buu la mbawakavu halifumi kitu. Lina miguu sita karibu na kichwa, vijimiba mgongoni, na huacha utelezi. Ukiona asali inatoa povu na kunuka machungwa yaliyooza, ni yeye. Harufu hiyo inatokana na hamira anayotembea nayo, Kodamaea ohmeri, inayochachusha asali na chavua. Mwaka 2007 watafiti, akiwemo Baldwyn Torto wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, walionyesha kwamba hamira hiyo ikikua kwenye chavua hutoa harufu ileile ambayo nyuki hutoa wakishtuka, nayo huwaita mbawakavu wengine.

Hatua ya 3: Waachie nyuki kazi yao. Nyuki wa Afrika humsukumia mdudu huyu kwenye nyufa, wakamzungushia gundi ya nyuki na kuweka walinzi kwenye midomo ya nyufa hizo. Mfungwa naye ni mjanja: hunyoosha kichwa, humpapasa mlinzi mdomoni kwa papasi zake, na mlinzi humtemea chakula kama anavyomlisha nyuki mwenzake. Anaweza kukaa hivyo muda mrefu akisubiri kundi lidhoofike. Kwa hiyo usimwage jasho kumsaka mmoja mmoja, na usibanduebandue fremu kila mara, maana utawafungulia wafungwa. Cha kuangalia ni wingi wa nyuki: masega yote yawe yamefunikwa. Kundi likipungua, punguza fremu au liunganishe na lenye nguvu.

Hatua ya 4: Usafi wakati wa kurina. Usiache vipande vya masega chini ya mzinga. Kamua asali upesi, hasa masega yenye chavua au majana (watoto wa nyuki). Mayai yake hukauka hewa ikiwa kavu, hivyo ghala lipitishe hewa.

Hatua ya 5: Kata mzunguko. Buu likishiba, siku 10 hadi 14 hivi, hutoka usiku na kujifukia ardhini, mara nyingi ndani ya sentimita 20 za juu, na huibuka mdudu kamili baada ya wiki tatu au nne. Udongo mlaini wenye unyevu ndio anaoupenda. Weka manzuki (eneo la mizinga) mahali pakavu penye jua.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwanachama, Sikonge:* Mwalimu, mizinga yangu inaning'inia mitini. Si niko salama?

Kuning'iniza kunasaidia dhidi ya siafu na nyegere, ndugu yangu. Huyu anaruka, na mabuu yake hujiangusha tu chini.

*Mwanachama, Kitui:* Naweza kupuliza dawa ya wadudu ndani?

Hapana kabisa. Inayomuua yeye inaua nyuki na kuingia kwenye asali. Tumia mtego mwembamba wenye mafuta ya kupikia kati ya fremu, wenye matundu asiyopita nyuki.

*Mwanachama, Handeni:* Nyuki wamehama wakaacha masega yenye utelezi. Niyafanyeje?

Pole sana. Usiyape kundi lingine. Asali hiyo haifai kuliwa wala kuchanganywa na nzuri. Yatoe leo hii kabla mabuu hayajashuka ardhini, uyachome. Mzinga wenyewe uoshe, uanike juani mpaka ukauke, ndipo utege kundi jipya.