Programu ikikuambia chuma hakitakatika, pita hapa kwanza

Wakuu, hii ni kwa nyie mnaochora vyuma kwenye kompyuta halafu vinaenda kuchomelewa Gerezani au Vingunguti, matrela, keria za bajaji, chochote kinachotikisika kutwa. Niliwahi kuchora hanga ya springi ya trela (kipande kinachoshikilia springi), simulesheni ya uchovu, yaani chuma kupasuka polepole kwa mzigo unaojirudia, ikaleta bluu tupu, maana yake salama, mizunguko (mara za mzigo kujirudia) zaidi ya milioni moja, nikasaini. Miezi minne tu trela limerudi na ufa mwembamba kama unywele, umeanzia pale pale ukingo wa weldingi unapokutana na bati, na tuliuona kwa sababu kutu ilikuwa imechora kamstari kwenye rangi. Mwenye mali akaniuliza, "Injinia, si ulisema litakaa miaka?" Sikuwa na jibu.

Anza na grafu ya S-N, ile inayoonyesha kwa stresi fulani (nguvu inayobebwa na kila eneo la chuma) kitavumilia mizunguko mingapi. Ile inayokuja na programu kwa kawaida imetoka kwenye vipande vya maabara, vimesuguliwa vikang'aa, havina weldingi hata moja, wakati bati lako limekatwa kwa gesi na lina kutu ya stoo. Kama kuna sehemu ya kujaza kipunguzo cha nguvu usikiache kwenye 1, kwa sababu 1 maana yake chuma chako ni kizuri kama kile cha maabara.

Sasa weldingi, na hapa ndo watu wengi tunapotea. Kwenye kona kali ya mshono stresi haina namba ya kweli, ukisaga meshi (vile vipande programu inavyogawa chuma) iwe ndogo inapanda, ukisaga tena inapanda tena, haitulii, kwa hiyo mizunguko utakayosoma pale inategemea meshi yako tu. Usisome pale. Chukua unene wa bati, tuseme milimita 10, soma stresi kwenye uso wa bati milimita 4 kutoka ukingo wa mshono (0.4 ya unene), halafu milimita 10 (unene mzima). Ya kwanza zidisha kwa 1.67, ya pili zidisha kwa 0.67, toa. Mfano ukipata MPa 80 na MPa 70 (MPa ni kipimo cha stresi) jibu ni kama MPa 87. Hiyo ndo unailinganisha na daraja la weldingi, mshono wa kona unaobeba mzigo hutumia FAT 90, yaani MPa 90 kwa mizunguko milioni 2. Angalia sana, hiyo 90 ni tofauti kati ya stresi ya juu na ya chini, programu nyingi zinakupa nusu yake, ukichanganya umejidanganya mara mbili. Na usiende kununua chuma cha bei ukidhani kitaokoa mshono, kwenye weldingi uchovu haujali sana ubora wa chuma. Marekebisho ya Goodman, yale yanayorekebisha hesabu kufuata stresi ya wastani, nayo yasikupe matumaini hapo, mshono ukipoa unabaki umejivuta wenyewe kwa ndani, we hesabu tofauti yote kama inaumiza.

Mzigo ndo mama wa makosa yote. Kwenye weldingi stresi ikipanda asilimia 10 maisha yanashuka karibu robo, ikiwa mara mbili yanabaki moja ya nane! Mimi niliweka mzigo mmoja unaojirudia, trela likaenda kula matuta na rasta za Morogoro Road likiwa limezidishwa. Kama huna kifaa cha kupima mnyumbuko wa chuma barabarani basi kimbiza mizigo mitatu minne, ukiwemo wa kuzidisha, kwa sababu utazidishwa tu. Programu ikijumlisha madhara ya kila mzigo kwa kanuni ya Miner, ambayo jumla ikifika 1 chuma kinahesabiwa kimekatika, haijali kipi kilitangulia, pigo kubwa kwanza au dogo, wakati chuma kinajali, kwa hiyo jumla ikifika 0.5 mimi nabadilisha mchoro, sisubiri 1.

Chuma kinachokaa Kigamboni au bandarini kwenye chumvi, maneno "maisha yasiyo na mwisho" yafute kabisa kwenye ripoti, kutu inaondoa kile kikomo cha stresi ambacho chini yake chuma hakichoki.

Hanga yangu nilihamisha mshono mbali na kona, fundi akapiga grainda ukingo taratibu mpaka ukawa laini, na kwenye ripoti nikaandika kila mwezi safisha mshono, puliza dawa nyekundu ya kutafuta ufa, futa, puliza nyeupe, ukiona mstari mwekundu gari lisitoke.