Kujiandaa kwa Matibabu ya Kutwa ya Hisia Kali Nchini Marekani

Nchini Marekani, mtu ambaye hisia humlemea hadi akatamani kujidhuru, akagombana na kila aliye karibu naye au akashindwa kwenda kazini, halazimiki kuchagua kati ya kulazwa wodini na kuonana na mtaalamu saa moja kwa wiki. Ipo njia ya katikati: huingia asubuhi, hutibiwa mchana, na jioni hurudi kulala kwake. Mpango mzito zaidi huitwa PHP (Partial Hospitalization Program), na kwa kanuni za Medicare, bima ya serikali kuu hasa kwa wazee na baadhi ya wenye ulemavu, ni wa mgonjwa anayehitaji angalau saa 20 za huduma kwa wiki. Ulio mwepesi huitwa IOP (Intensive Outpatient Program), ambao Medicare imekuwa ikiulipia tangu 2024 kwa anayehitaji angalau saa 9. Mwongozo huu ni wa msomaji wa Kiswahili anayeishi huko na anayekaribia kuanza, pamoja na ndugu zake.

Kabla ya kukubali nafasi, uliza kama mpango unafuata DBT (Dialectical Behavior Therapy), tiba ya mazungumzo na mafunzo ya stadi iliyobuniwa na Marsha Linehan wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, ambaye mwaka 1991 alichapisha matokeo ya kuijaribu kwa wanawake waliokuwa wakijidhuru mara kwa mara. Jina peke yake lisikuridhishe. Uliza kama utakuwa na mtaalamu wako binafsi mbali na darasa la kikundi, kama kuna namba ya kupiga hisia zinapopanda ukiwa nyumbani, na kama wanafundisha stadi zote nne, yaani kutulia katika wakati uliopo, kuvumilia dhiki, kutawala hisia na kuelewana na watu.

Mkalimani aombwe siku ileile unayopanga miadi ya tathmini. Kituo kinachopokea fedha za serikali kuu, zikiwemo za Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kinawajibika kisheria kumtoa bila malipo. Kama unajieleza vizuri zaidi kwa Kibembe au Kinyarwanda kuliko Kiswahili, sema mapema. Mwanao asibebeshwe kazi hiyo hata kama Kiingereza chake kimenyooka, kwani si haki mtoto atamke kwa kinywa chake jinsi mama yake alivyotaka kufa.

Kuhusu bima, hakikisha kibali kimetolewa kabla ya siku ya kwanza. Kazini, sheria ya FMLA ya mwaka 1993, inayohusu likizo ya familia na matibabu, humpa anayestahili hadi wiki 12 za likizo isiyo na malipo huku nafasi yake ikilindwa. Kwa kawaida anayestahili ni yule aliyemtumikia mwajiri kwa miezi 12 na saa 1,250 katika miezi hiyo, mahali penye wafanyakazi wasiopungua 50.

Baada ya hapo, nguvu nyingi zielekezwe kwenye jioni, maana darasa hufungwa na nyumba iko palepale. Dawa za ziada zifungiwe, na bunduki, kama ipo, iondoke nyumbani kabisa. Mchague mtu mmoja mzima katika familia atakayejua unachojifunza. Wengine waambiwe tu kwamba unatibiwa. Maombi kanisani au dua msikitini ziendelee, hakuna daktari mwenye busara atakayekuzuia.

Kila usiku utajaza kadi. Utaandika, kwa mfano, Jumanne, hasira 4 kati ya 5, hamu ya kujidhuru 3, stadi niliyotumia ni kupumua polepole. Ijaze siku hiyohiyo, si kwa mkupuo asubuhi ya kuonana na mtaalamu, kwa sababu ataitumia kurudi nyuma hatua kwa hatua: ulilala saa ngapi, ulikula nini, nani alipiga simu. Mara nyingine kiini cha usiku mbaya huonekana hapo, pengine ni ile simu ya kutoka nyumbani kuulizia ada ya shule usiyokuwa nayo.

Hisia zikipanda ghafla, jaza beseni maji baridi, yasiwe chini ya nyuzi 10 za Selisiasi. Bana pumzi, inama, tumbukiza uso hadi macho na mashavu yalowe, ukae hivyo takriban sekunde 30. Mapigo ya moyo hupungua kama ya mpiga mbizi, ukapata dakika chache za kufikiri. Mwenye ugonjwa wa moyo, anayetumia dawa za kupunguza mapigo au mwenye tatizo la kujinyima chakula amwulize daktari kwanza. Ukiona huwezi kujizuia kujidhuru, piga 988, simu ya msaada kwa anayetaka kujiua au aliyelemewa, usiku au mchana, na uombe mkalimani. Hatari ikishakuwa mkononi, piga 911, namba ya dharura.

Mipango hii kwa kawaida huchukua wiki chache, kisha siku hupunguzwa kidogo kidogo. Usikubali kuagwa kabla hujaandikiwa tarehe, saa na jina la mtaalamu atakayekupokea baada ya hapo, na kabla hujahakikishiwa kwamba dawa zako zitatosha hadi siku hiyo.