Eksirei ya kifua kila mkataba: fanya hivi

Sisi vibarua wa Tanga, leo bandarini, kesho Chongoleani, kila mkataba mpya tunatumwa kupiga eksirei ya kifua upya, hata kama ya mwezi uliopita bado iko nyumbani.

Kwanza kabisa, usiondoke kituoni bila filamu au CD pamoja na ripoti ya daktari. Mimi zangu naziweka kwenye bahasha kubwa ya kaki, na juu yake naandika tarehe, kituo na sehemu ya mwili iliyopigwa. Kwa mwajiri mpya peleka nakala, umuulize kwa heshima: "Bosi, hii haitoshi?" Kuna wanaokubali.

Usiogope kupita kiasi. Picha moja ya kifua ni takriban milisiveti 0.1 (milisiveti ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini), wakati mionzi ya asili duniani ni wastani wa 2.4 kwa mwaka. Una kikohozi kisichoisha? Piga picha, TB haina subira. Ila wakitaka kukupiga picha ya uti wa mgongo sehemu ya kiuno, dai sababu: hiyo hufika kama 1.5, sawa na vifua kumi na tano! Mwili wenye afya haubebeshwi mionzi kwa ajili ya fomu tu.

Dada zangu, kama siku zimepita, semeni kabla ya kuingia, mpimwe ujauzito kwanza.

Na ukiona mtu mwingine ameachwa ndani bila kinga picha ikipigwa, toa taarifa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Usimamizi wa mashine hizo ni kazi yao.