Usinunue kiwanja kitongojini kabla hujalala hapo msimu mzima wa mvua

Watu wanaotaka kuhama mjini kama nilivyohama mimi miaka 11 iliyopita huniuliza waanzie wapi. Huwaambia wapange chumba. Kiangazi kila kitongoji hupendeza: njia imekauka, pikipiki inakufikisha mlangoni, mto umejikunyata mbali huko, na anayekuuzia anakutembeza mipakani bila hata kukunja suruali. Kaa kama mpangaji mpaka mvua zianze na ziishe, ndipo utoe pesa yako.

Ninazungumzia vitongoji vilivyo nje ya mji ambao wenyewe uko mbali na miji mingine, kwenye nchi za joto na mvua nyingi. Iquitos ya Peru ni mji wa aina hiyo. Hakuna barabara inayouunganisha na sehemu nyingine za nchi, kwa hiyo mtu na mzigo huingia kwa boti au kwa ndege. Kisangani nako shehena hupanda Mto Kongo kutoka Kinshasa, safari ya takriban kilomita 1,700. Mji kama huo ukichelewa kupata bidhaa, kitongoji chake huchelewa zaidi. Ndiyo maana swali la kwanza kwa wenyeji lisiwe kama umeme upo. Uliza: njia ya mjini ikikatika, huwa mnakaa siku ngapi, na mnaishije? Usimuulize mtu mmoja. Muulize mwenye duka, mwenye pikipiki, na mama mwenye mtoto mchanga. Wa mwisho ndiye atakayekwambia ukweli wote, kwa kuwa ndiye aliyewahi kutafuta dawa usiku.

Ukishasikia majibu, nenda kaangalie miti. Maji ya mafuriko huacha mstari wa tope kwenye magome na kuta, na mstari huo hauna sababu ya kukudanganya. Uliza pia habari za ukame, maana wengi huuliza mafuriko peke yake. Pale Manaus, Brazil, kipimo cha Mto Negro kilipita mita 30 mwaka 2021, kisha Oktoba 2023 kikashuka chini ya mita 13. Mwaka ule wa kwanza maji yaliingia majumbani, na ule wa pili boti zilikwama mchangani. Kitongoji kinachotegemea mto kinaweza kukatika kwa vyote viwili.

Sasa maji ya kunywa na kupikia. Hapa nitakaa kidogo, maana mimi ni fundi bati na nimeona nyumba nzuri zinakufa kiu katikati ya mvua. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita 6 kwa 7 lina mita za mraba 42, basi mvua ya milimita 20 inakuletea lita 840. Toa moja ya tano kwa yanayoruka nje na kumwagika, bado una zaidi ya lita 650 kwa jioni moja. Nyumba nyingi hupoteza maji hayo kwa sababu mfereji wa paa umefungwa sawasawa kama rula. Upe mteremko, sentimita moja kwa kila mita inatosha, na vishikizo visiwe mbali kwa mbali, maana mvua za huku ni nzito na mfereji uliojaa huvunjika. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi usiiingize kwenye tangi. Inaosha vumbi, majani na kinyesi cha ndege. Mimi huweka bomba la pembeni lenye kizibo, nalifungua dakika chache za mwanzo, kisha nalifunga. Tangi liwe na mfuniko na wavu wa mbu, na bomba la kuchotea liinuke kiganja kimoja kutoka chini ili tope libaki kwenye kitako.

Maji hayo bado uyachemshe. Ukiishiwa kuni au gesi, chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, isiyozidi lita mbili, ukiijaza maji maangavu na kuilaza kwenye jua kali kwa muda wa saa sita, huua vijidudu vingi. Siku ya mawingu iache siku mbili. Maji yenye tope hayatibiki hivyo, yachuje kwanza. Na kama kuna kisima, choo cha shimo kikae mita 30 au zaidi kutoka hapo, kwenye upande wa chini wa mteremko. Muulize mchimbaji maji ya ardhini hufika wapi mvua zikikolea. Kitako cha shimo kinatakiwa kibaki mita moja na nusu juu ya hapo.

Malaria usiichukulie kama mafua. Kando ya barabara ya kutoka Iquitos kwenda Nauta, mji mdogo wa jirani ambako barabara hiyo inaishia, watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2006 walikuta mbu waenezao malaria wanauma watu mara 278 zaidi palipokatwa msitu kuliko palipobaki na msitu mwingi. Ukifyeka kiwanja chako na kuacha madimbwi, unajifugia mbu mwenyewe. Fukia mashimo, zibua mitaro, lala ndani ya chandarua kila siku, na mtoto akipata homa apimwe siku hiyohiyo. Njia ikikatika apimwe wapi? Lijue jibu kabla hujahamisha godoro.

Kuhusu sola nitasema kidogo: paneli uiinamishe hata nyuzi 10 ili mvua iioshe, na betri ya asidi usiinyonye chini ya nusu.

Pesa itatoka wapi? Nilipofika nilifuga kuku wa mayai. Nilikuwa nimepiga hesabu zote isipokuwa moja, kwamba chakula chao kinakuja kwa boti. Boti ilichelewa wiki tatu, kuku wakaacha kutaga, na mtaji ukaisha mbele ya macho yangu. Tangu hapo kila biashara naipima hivi: inahitaji nini kutoka mbali, na kikichelewa mwezi, je, inasimama? Bustani ya mboga inastahimili, kwa kuwa mboga za kutoka mbali zinafika mjini zimenyauka na zako zinafika mbichi. Lakini udongo wa huku mvua huusuuza rutuba, na shamba lililochomwa moto huzaa vizuri misimu miwili mitatu kisha likachoka. Rudisha majani, samadi na majivu, usiache ardhi uchi. Ufundi nao unastahimili. Injini ya boti, pikipiki, simu, mfereji wa paa: kadiri kipya kinavyokuwa shida kupatikana, ndivyo cha zamani kinavyorudishwa kwa fundi.

Siku ya kununua, zunguka mipaka pamoja na majirani wa pande zote, kila mmoja aseme kwa mdomo wake na atie saini. Hati ya muuzaji peke yake haitoshi.

Ukitaka kujua kama kitongoji kina kesho, nenda shuleni ukaulize mwalimu analala wapi. Akiwa anatoka mjini kila asubuhi, darasa hufungwa njia ikifungwa, na wazazi wenye watoto huanza kuhama mmojammoja. Kwetu ilikuwa hivyo miaka mitatu ya mwanzo. Mwaka wa nne tuliungana, tukamjengea mwalimu vyumba viwili kwenye ule mwinuko usiofikiwa na maji. Mifereji ya paa niliifunga mimi. Mvua zilipokuja njia ilikatika siku tisa, na kila asubuhi nilisikia kengele. Zilipokwisha, nikaacha kupanga nikanunua kiwanja.