Kulinganisha matete na ndege wa matete wa Basra
Chora jedwali lenye safu mbili, moja ya matete na moja ya ndege, uanze na majina ya kisayansi. Matete, Phragmites australis, ni nyasi: oda Poales, familia Poaceae. Ndege ni Acrocephalus griseldis: oda Passeriformes, familia Acrocephalidae. Familia za mimea huishia -aceae, za wanyama -idae. Ukichanganya, umekosea himaya, yaani kundi kuu la mimea au la wanyama.

Kisha tafuta kila jina katika Orodha Nyekundu ya IUCN (shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira), inayoonyesha spishi zilizo hatarini, uandike daraja pamoja na mwaka wa tathmini. Matete ni LC, hayana tishio kubwa. Ndege ni EN, yumo hatarini kutoweka. Usidhani mmea ukistawi, ndege naye yu salama! Matete yameenea mabara mengi, lakini ndege huyu huzaliana hasa kwenye mabwawa ya Iraki, yaliyokaushwa sana miaka ya 1990, na hukimbilia Afrika Mashariki msimu wa baridi. Ongeza mstari wa maeneo ya kuzaliana kwenye jedwali.