Jinsi ya kupima maabara maji ya chumvi kidogo yenye kaboni dioksidi kabla ya kuyapeleka kwenye kisima cha mafuta

Sehemu kubwa ya mafuta ghafi hubaki ndani ya mwamba hata baada ya maji kusukumwa humo kwa miaka mingi, kwa sababu matone yake yamenaswa kwenye vinyweleo, yaani matundu madogo ya mwamba, au yamegandamana na kuta zake. Maji yaliyopunguzwa chumvi hulegeza mshikamano huo, na maji yaliyoyeyushiwa kaboni dioksidi huyapa mafuta gesi inayoyavimbisha na kuyapunguzia mnato. Njia hizi mbili zinaafikiana, kwa kuwa gesi hiyo huyeyuka zaidi katika maji yenye chumvi kidogo kuliko katika maji ya bahari, ambayo huwa na takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Ugumu wa jaribio ni kujua mafuta ya ziada yametolewa na ipi kati ya hizo mbili.

Usianze kwa kuazima matokeo ya mahali pengine. Katika eneo la mafuta la Clair Ridge, magharibi ya visiwa vya Shetland vya Uskoti, kampuni ya mafuta ya BP iliweka mitambo ya kupunguza chumvi tangu usanifu wa mradi, ilhali jaribio la kisimani katika eneo la mafuta la Snorre, upande wa Norway wa Bahari ya Kaskazini, halikuonyesha faida ya maana. Kwa mwamba wa mchanga, matumaini huwa makubwa pale penye udongo wa mfinyanzi, maji ya asili (yaliyomo tayari ndani ya mwamba) yenye kalsiamu, na mafuta yenye viambato vinavyopenda kung'ang'ania madini.

Chukua vipande viwili vya mwamba vilivyokatwa jirani, uvioshe kwa viyeyushi vya toluini na methanoli, uvikaushe kwa joto la wastani ili udongo usiharibike, kisha upime nafasi za vinyweleo na upenyezaji, yaani wepesi wa majimaji kupita ndani yake. Vijaze maji ya asili ya tabaka lenye mafuta ndani ya ombwe (chombo kilichoondolewa hewa), sukuma mafuta ghafi mpaka maji yakome kutoka, halafu uviache katika joto la tabaka kwa wiki kadhaa. Hatua hii ya kusubiri ndiyo inayofupishwa mno na wenye haraka, nao hujidanganya: mwamba uliooshwa hupenda maji, na usipopewa muda wa kuzoea mafuta hautakuwa na kitu cha kubadilika.

Tengeneza maji ya chumvi kidogo, kwa kawaida gramu 1 hadi 5 kwa lita, bila kushuka chini ya kiwango ambacho udongo huanza kuvimba au kung'oka. Yatie kwenye chombo cha shinikizo pamoja na gesi, uyatikise mpaka shinikizo litulie, kisha uhakikishe kwamba kuanzia chombo hicho hadi vali ya mwisho shinikizo halishuki chini ya lile lililotumika kuyeyusha. Likishuka, gesi hutoka kama inavyotoka kwenye soda iliyofunguliwa, na utakuwa unasukuma mapovu.

Kipande cha kwanza kisukumie maji ya asili mpaka mafuta yakome, kisha maji ya chumvi kidogo, kisha maji hayohayo yenye gesi. Cha pili kianzie pia kwa maji ya asili, lakini kifuatiwe na maji ya asili yenye gesi, ili mchango wa gesi uonekane bila chumvi kubadilishwa. Mwendo uwe wa pole, karibu sentimita 30 kwa siku, na uongezwe mwishoni tu ili kuona kama kuna mafuta yaliyokwama kwenye ncha ya kipande.

Rekodi ujazo wa mafuta baada ya kutokwa na gesi, tofauti ya shinikizo kati ya ncha mbili za kipande, pH (kipimo cha asidi) na kalsiamu katika maji yanayotoka. Kalsiamu ifasiriwe kwa tahadhari: katika maji ya chumvi kidogo pekee huweza kuashiria ubadilishanaji wa ayoni (chembe zenye chaji) kwenye udongo, lakini penye gesi, asidi ya kaboni huyeyusha kalsaiti (madini ya chokaa) ya mwamba na kuongeza kiasi hichohicho. Tofauti ya shinikizo ikipanda huku mafuta hayatoki, chembe za udongo huenda zimeziba njia.

Tumia mabomba ya chuma kinachostahimili asidi, weka king'ora cha kaboni dioksidi karibu na sakafu kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa, na wakati wa kufungua mtambo punguza shinikizo taratibu, maana mpira wa kuzibia ulionyonya gesi hupasuka ukiachiliwa ghafla.